Dizzee Rascal mbele ya redio za Marekani: kisa cha 2004

Tarehe 20 Januari 2004, lebo ya Matador ya New York iliitoa nchini Marekani albamu ya Boy in da Corner, kazi ya kijana wa miaka 19 kutoka Bow, mashariki mwa London. Kwao ilikuwa imeshatoka Julai 2003 chini ya XL Recordings, na Septemba ya mwaka huo ikampatia Dizzee Rascal tuzo ya Mercury mbele ya Radiohead na Coldplay. Wahakiki wa Marekani waliipokea kwa mikono miwili. Redio za biashara hazikuipokea. Hakuna wimbo wa albamu ile uliogusa Hot 100, chati kuu ya nyimbo, na stesheni kubwa za hip hop ziliendelea na 50 Cent, Usher na Lil Jon.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwa neno moja: lafudhi. Mmarekani hamwelewi Mwingereza, kwa hiyo hampigi. Jibu hilo limeleta hasara ya kweli, maana liliwafanya marapa kadhaa wa Uingereza wa miaka ya 1980 waige matamshi ya New York, wakapoteza walichokuwa nacho bila kupata walichokitafuta. Tukikifungua kisa hiki kipande kwa kipande, lafudhi inaangukia mwisho wa foleni, na hata ukali wa sauti hauko mbele sana. Kilichokosekana ni njia. Hapakuwa na mtaa hata mmoja wa Marekani uliokuwa ukiutaka muziki huo kabla redio haijaombwa kuupiga.

Mali iliyokuwa mkononi

Grime, aina ya rap ya kasi aliyoifanya Dizzee, ilikua kwenye redio zisizo na leseni za mashariki mwa London, Rinse FM ikiwa mojawapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Damu yake ni ya UK garage na jungle, miziki ya dansi ya Uingereza, na dancehall ya Jamaika. Kasi ya kawaida ni mapigo 140 kwa dakika. MC hupokezana maiki, mmoja akimaliza mistari 8 au 16 mwenzake anadaka, na DJ hurudisha sahani mwanzo pale mstari unapowawasha waliomo chumbani. Vifaa vilikuwa vichache: kinanda cha Korg Triton, ambacho Wiley, mmoja wa waasisi wa grime, alikitumia kutengeneza zile biti zake zenye ubaridi wa barafu, au programu ya muziki kwenye kompyuta ya nyumbani au ya shule. Dizzee mwenyewe alianza kutengeneza biti kwenye chumba cha muziki cha shule yake.

"I Luv U", singo ya kwanza, ina ngoma iliyokwaruzwa makusudi, besi inayonguruma kama spika iliyochanika, na mabishano ya mvulana na msichana juu ya mimba. Sauti ya Dizzee iko juu na imekaza, kama ya mtu aliye katikati ya kugombana na kulia. Hakuna kinanda cha kubembeleza, wala mwimbaji wa R&B wa kumshika msikilizaji mkono wakati wa kiitikio. Hata nyumbani haikuwa muziki wa redio ya mchana: albamu iliishia nafasi ya 23 kwenye chati ya Uingereza, na singo hiyo nafasi ya 29.

Iliyokuwa karibu zaidi na sikio la Marekani ni "Fix Up, Look Sharp", iliyofika nafasi ya 17 Uingereza. Iko kwenye kasi ya hip hop badala ya grime, na kiitikio chake ni maneno manne tu. Msingi wake ni ngoma na ukelele uliokatwa kutoka "The Big Beat" ya Billy Squier, wimbo wa roki wa 1980 ambao ma-DJ wa hip hop wa New York waliujua kwa ngoma yake tangu enzi za sahani mbili. Ukisikiliza wimbo huo leo bila kujua historia yake, ungeapa ulitengenezwa kwa ajili ya Marekani.

Mashtaka mawili yasiyosimama

Shtaka la lafudhi lina mashahidi wazito dhidi yake. Slick Rick alizaliwa London, akahamia Bronx akiwa bado mtoto, na tangu alipotokea na Doug E. Fresh mwaka 1985 matamshi yake ya Kiingereza ndiyo yaliyompambanua. Hakuyaficha, na hip hop ya Marekani ikampenda kwa hayo hayo. Shahidi wa pili yuko karibu zaidi na kisa chetu. Mei 2003, miezi minane kabla Matador haijatoa albamu ya Dizzee, Sean Paul wa Jamaika alifika namba moja ya Hot 100 kwa "Get Busy" na kukaa wiki tatu. Baadaye mwaka huo akakaa hapo wiki tisa akiwa na Beyoncé kwenye "Baby Boy". Patwa ya Kingston si nyepesi kwa sikio la dereva wa Ohio kuliko Kiingereza cha Bow.

Lakini angalia barabara aliyopita Sean Paul. Wajamaika walikuwa wamejaa Brooklyn, Bronx, Queens na kusini mwa Florida kwa miongo. VP Records ilikuwa Queens tangu 1979, ikisambaza sahani za Jamaika dukani na kwa ma-DJ. Hot 97, stesheni ya hip hop ya New York, ilikuwa na kipindi cha dancehall cha Bobby Konders. Mwaka 2002 VP ikaungana na Atlantic, yenye watu wa kupeleka nyimbo redioni nchi nzima. Kwa hiyo mkurugenzi wa vipindi alipoletewa "Get Busy", vijana wa klabu za mji wake walikuwa wameshaicheza.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Dar es Salaam na Nairobi waliimba Kilingala kwa miaka mingi bila kukielewa. Redio ilisaidia, ila haikuwa peke yake: Orchestra Maquis ilihamia Dar es Salaam, Super Mazembe ikaweka makazi Nairobi, wakapiga ukumbi kwa ukumbi mpaka watu wakazoea gitaa zile kama za kwao. Lugha ngeni huvumilika pale mwenye nayo anapokuwa jirani.

Shtaka la pili ni ukali. Hapa kuna jaribio ambalo hakuna maabara ingelipanga vizuri zaidi. Novemba 2003 Jay-Z alitoa albamu yenye "99 Problems", iliyotengenezwa na Rick Rubin, na ndani yake mna ngoma ile ile ya Billy Squier. Gitaa linakwaruza, hakuna mwimbaji, hakuna sauti laini popote. Ilipotolewa kama singo mwaka 2004 ilifika nafasi ya 30 ya Hot 100. Ngoma moja, mwaka mmoja, ukali unaolingana. Ni kweli Jay-Z alikuwa na jina ambalo kijana wa miaka 19 hakuwa nalo, lakini jina hilo ndilo hoja yenyewe: redio ya New York ilikuwa na sababu ya kumvumilia mtu wa Marcy Projects, Brooklyn, hata akiwapigia chuma kwa chuma.

Jinsi wimbo unavyoingia

Uingereza ina BBC. Radio 1 na 1Xtra, iliyoanza Agosti 2002, zina vikao vya kuchagua nyimbo, na wimbo ukipita pale unasikika nchi nzima kwa siku moja. Marekani haina kikao cha namna hiyo. Ina stesheni za biashara zaidi ya 10,000, kila moja ndani ya fomati yake. Kwa rap zilizohusika mwaka 2004 ni nne: Urban, yaani R&B na hip hop kwa wasikilizaji Weusi hasa; Rhythmic, mchanganyiko wa hip hop na dansi kwa vijana wa kila rangi; Top 40; na roki ya kisasa. Tangu sheria ya mawasiliano ya 1996 iondoe kikomo cha idadi ya stesheni ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchini, Clear Channel pekee ilivuka 1,200. Orodha za nyimbo zikafupika na uamuzi ukasogea makao makuu.

Njia ya kawaida ya wimbo mpya wa rap ilikuwa hii. Wiki sita hadi nane kabla ya kampeni, sahani za inchi 12 zinapelekwa kwa ma-DJ wa vipindi vya miksi na kwenye vyama vyao vya kugawana nyimbo. Sahani hiyo lazima iwe na toleo safi, toleo kamili, biti tupu na sauti tupu. Ikikosa biti tupu, DJ hana cha kuchanganyia. DJ anaujaribu usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Watu wakipiga simu kuuliza jina lake, unahamishiwa saa za jioni. Hapo ndipo promota wa lebo anapomwomba mkurugenzi wa vipindi auingize rasmi kwenye mzunguko, na ombi hilo hufanywa kwa stesheni nyingi siku moja ili wiki ya kwanza ionekane kwenye hesabu za kitaifa. Ukishapigwa takriban mara mia katika mji, unaingia kwenye upimaji wa simu: wasikilizaji wanachezewa sekunde saba hadi kumi za kiitikio na kuulizwa kama wanaujua, wanaupenda kiasi gani kwa alama 1 hadi 5, na kama wameuchoka.

Hapo penye sekunde saba ndipo grime ilipokuwa dhaifu. Nguvu ya "I Luv U" imo kwenye mpambano wa sauti mbili unaoendelea mpaka mwisho. Ukikata sekunde saba zozote unapata kelele isiyo na kichwa wala miguu. Mkurugenzi wa vipindi hahitaji kuuchukia wimbo ili auache. Anachoogopa ni msikilizaji aliye kwenye gari kubonyeza kitufe cha stesheni ya jirani, kwa sababu hesabu za wasikilizaji ndizo zinazoamua bei ya matangazo. Wimbo usiojulikana na usioimbika mara ya kwanza ni hatari kwake, hata kama yeye mwenyewe anausikiliza nyumbani.

Hot 100 ya wakati huo nayo haikuwa na mlango wa pembeni. Nyimbo zilizonunuliwa kwa kupakuliwa zilianza kuhesabiwa Februari 2005 tu, na stream, yaani usikilizaji wa mtandaoni, zilikuja baadaye zaidi. Mwaka 2004, sehemu kubwa ya chati ilikuwa redio.

Kati ya viti viwili

Matador ilikuwa lebo nzuri na yenye heshima, iliyoanzishwa 1989, lakini heshima yake ilikuwa ya roki huru. Watu wake wa redio waliwajua wasimamizi wa redio za vyuo vikuu. Hawakuwa na mtu aliyezoea kukaa na mkurugenzi wa vipindi wa Urban huko Atlanta, Detroit au Houston, wala fungu la kampeni ya kitaifa, ambayo hufika mamia ya maelfu ya dola. Matokeo yalifuata mkono uliopanda. Albamu ikafika kwa wasomaji wa majarida ya muziki na wanafunzi wa vyuo, wengi wao Wazungu, na vijana Weusi wa miji mikubwa, ambao rap yao ingepaswa kukutana na rap hii, hawakuletewa.

"Fix Up, Look Sharp" ikaangukia katikati ya viti viwili. Kwa stesheni za Urban ilisikika kama roki: ngoma ya Squier, hakuna besi ya kutikisa buti la gari, hakuna R&B. Kwa stesheni za roki ya kisasa ilikuwa rap ya kijana Mweusi asiyejulikana. Hizo zilikuwa na nafasi kwa Beastie Boys, kundi la marapa Wazungu, na wachache wa aina hiyo, waliojijengea uenyeji kwa miaka karibu ishirini. Hili si jambo dogo. Fomati za redio ya Marekani zimejengwa juu ya mistari ya rangi na umri, na wimbo unaovuka mstari huhitaji upande mmoja uudai kwanza kuwa ni wake. Huu haukudaiwa na upande wowote.

Mwendo, sauti na mkasi

Kuna sababu za kiufundi, nazo zina uzito kuliko wapenzi wa grime wanavyopenda kukubali.

Ya kwanza ni mwendo. "In da Club" ina mapigo 90 hivi kwa dakika, "Get Busy" 100, "Yeah!" ya Usher 105. DJ wa miksi wa 2004 aliishi kati ya 85 na 105. Kutoka hapo kwenda 140 hakuna daraja, na kusukuma sahani kwa theluthi moja au zaidi ni kuiharibu. Unaweza kuihesabu grime kwa nusu, 70, lakini MC bado anarap kwa kasi ya 140, hivyo mchezaji aliyezoea kuyumba na kiuno hapati pa kuweka mguu.

Ya pili ni sauti yenyewe ya FM. Kabla ya kurusha, stesheni huinua masafa ya juu, na redio ya msikilizaji huyashusha tena, ili kupunguza kelele za hewani. Marekani hutumia kiwango cha mikrosekunde 75, Ulaya 50. Kwenye herzi 15,000 hiyo ni nyongeza ya desibeli 17 kwa Marekani dhidi ya karibu 14 kwa Ulaya. Biti iliyojaa matasa yanayochoma na sauti za kidijitali zilizokatika kingo inaigonga mitambo ya kudhibiti sauti mapema, mitambo inabana, na kinachotoka ni bapa na kisicho na pumzi. Dawa yake inajulikana: tengeneza masta, yaani nakala ya mwisho ya wimbo, ya pekee kwa redio, shusha kuanzia herzi 8,000 kwenda juu kwa desibeli 2 au 3, ibane besi iliyo chini ya herzi 40 isile nguvu bure, na usiiminye masta mpaka mwisho, maana stesheni itaiminya tena.

Ya tatu ni mkasi. Sheria ya Marekani huwabana watangazaji juu ya maudhui machafu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Mwaka 2001 tume ya mawasiliano, FCC, ilitaka kuitoza stesheni moja ya Colorado dola 7,000 kwa kupiga toleo lililokwisha kusafishwa la wimbo wa Eminem. Adhabu hiyo ilifutwa Januari 2002, lakini woga ulibaki. Halafu tarehe 1 Februari 2004, siku 12 tu baada ya albamu ya Dizzee kutoka, likatokea tukio la Janet Jackson kwenye Super Bowl, titi lake lilipoonekana hewani moja kwa moja. Mwezi huo huo Clear Channel ilimwondoa Howard Stern, mtangazaji maarufu kwa maneno machafu, kwenye stesheni zake sita. Huo haukuwa msimu wa kumletea mwanasheria wa redio maneno ya mtaani ya Bow ambayo hakuyaelewa. Mwanasheria asiyeelewa neno huliondoa.

Na kuliondoa kwenye grime ni kazi. Kwenye mapigo 90, pigo moja lina sekunde 0.67, kwenye 140 lina 0.43. Neno moja la silabi moja kwenye mstari wa kasi linachukua chini ya sekunde 0.2, na ukilinyamazisha unakula na jirani yake. Mistari inabaki na mashimo, na msikilizaji ambaye tayari anahangaika na matamshi anapoteza uzi. Afadhali kuirekodi beti upya kwa maneno mengine, sauti ile ile na maiki ile ile, kuliko kuikatakata.

Hayo yote matatu yangerekebishika kwa wiki mbili za studio. Ndiyo maana hatuyaweki mbele. Ukosefu wa mji mwenyeji haurekebishiki studioni.

Waliojaribu baada yake

Lady Sovereign, kutoka Wembley, alipewa kila kitu ambacho Dizzee hakupewa. Def Jam, chini ya urais wa Jay-Z, ilimsaini. "Love Me or Hate Me" ilitengenezwa na Dr. Luke, ikapata rimiksi na Missy Elliott, na mwaka 2006 ikafika kileleni mwa TRL, kipindi cha video cha MTV. Kwenye Hot 100 ilisimama nafasi ya 45. Pesa na majina makubwa vilimfikisha kwenye televisheni, lakini hakuna mji uliomchukua kuwa mtoto wao, na albamu ilipopoa hapakuwa na msingi wa kusimamia wimbo wa pili.

M.I.A., naye wa London, alifika mbali zaidi kwa wimbo wenye milio ya risasi ndani ya kiitikio. "Paper Planes" ilikuwa kwenye albamu ya Agosti 2007 na haikushtua redio kwa karibu mwaka mzima. Kiangazi cha 2008 ikatumika kwenye trela ya filamu ya Pineapple Express, ikachezwa kumbi za sinema na televisheni nchi nzima, na Septemba ikafika nafasi ya 4. Trela ilifanya kazi ambayo upimaji wa simu huidai: iliwafanya watu waujue ule mfuatano wa risasi, mlio wa kukoki na mlio wa mashine ya kuhesabia pesa kabla redio haijawauliza. MTV na kipindi cha David Letterman waliibadilisha milio hiyo, na wimbo haukudhurika, kwa sababu umbo la kiitikio lilibaki. Ukali uliwekwa pale pale penye sekunde saba. Hilo ndilo somo la utunzi lenye thamani kubwa kuliko yote katika historia hii fupi.

Tinie Tempah alifika nafasi ya 12 mwaka 2011 kwa "Written in the Stars", ikiwa pia wimbo rasmi wa WrestleMania, onyesho la mieleka, ya mwaka huo. Lakini kiitikio chake ni cha kuimbwa, kipana, kisicho na mwiba. Ni ushahidi kwamba Mwingereza anaweza kupita. Kwa rap kali hausemi kitu.

Kisha ikaja drill, mtindo mwingine wa rap kali, na hapa hoja ya njia ikathibitika kwa namna ambayo wachache waliitarajia. Pop Smoke wa Canarsie, Brooklyn, alirap juu ya biti za 808Melo, prodyuza wa Ilford, mashariki mwa London, si mbali na Bow. "Welcome to the Party" ilitikisa New York kiangazi cha 2019. "Dior" ikafika nafasi ya 22 ya Hot 100 mwaka 2020, baada ya Pop Smoke kuuawa, na ikaimbwa kwenye maandamano ya mitaani ya mwaka huo. Besi inayoteleza, matasa yanayoruka pigo, giza lote lile la London lilikuwemo. Kilichobadilika ni anwani ya mwenye sauti. Mapigo nayo hayakuwa kikwazo tena: trap, rap ya kusini mwa Marekani, ilikuwa imeshawazoesha ma-DJ kuishi kati ya 130 na 150 wakihesabu nusu, kwa hiyo drill ya 140 ilichanganyika bila daraja lolote. Biti za ukoo huo huo zilifika Buruburu, Nairobi, ambako Buruklyn Boyz walizirapia kwa Sheng. Na huko pia zilishika kwa sababu mtaa ulizipa sauti yake.

Central Cee, wa magharibi mwa London, alijaribu njia ya kinyume: sauti ya London bila kuibadilisha, mwenyeji wa Marekani pembeni. "Band4Band", akiwa na Lil Baby wa Atlanta, ilifika nafasi ya 18 ya Hot 100 mwaka 2024, na Januari 2025 albamu yake ikaingia nafasi ya 9 ya Billboard 200, chati ya albamu. Nguvu kubwa ya namba hizo ni stream. Chati sasa ina ule mlango wa pembeni ambao haukuwepo 2004, na redio hupokea ripoti badala ya kuiandika. Dizzee mwenyewe alikuwa amegusa wazo hilo mapema, alipowaita UGK, kundi la rap la Texas, kwenye albamu yake ya 2007, lakini toleo la Marekani lilikuja 2008 kupitia Definitive Jux, lebo nyingine ndogo isiyo na mkono kwenye redio za Kusini ambako UGK walikuwa wafalme. Mwenyeji alipatikana, mlango wa mji wake haukubishwa.

Kampeni ingepangwaje

Mtu anayemsimamia rapa mkali wa London leo haanzi na simu kwa mkurugenzi wa vipindi. Anafungua takwimu za stream mji kwa mji na kutafuta ule wenye wasikilizaji wengi kuliko ukubwa wake unavyotabiri. Mara nyingi si Los Angeles. Anaanza karatasi za viza miezi minne hadi sita mapema, kwa sababu ombi la O-1, viza ya wasanii wenye kipaji cha pekee, hupelekwa na mdhamini aliye Marekani kupitia fomu I-129, na rapa mwenye kosa la jinai kwenye rekodi atachelewa au atakataliwa. Kutembelea stesheni na kupiga shoo kwa viza ya utalii ni kuhatarisha safari zote zinazofuata. Anakodi ukumbi wa watu 500 hadi 1,000 mjini humo, anamweka rapa wa pale pale kwenye jukwaa moja naye, na anarekodi naye beti wakiwa bado mjini.

Toleo safi linarekodiwa siku ile ile ya toleo kamili. Utangulizi usizidi sekunde nane, kiitikio kifike kabla ya sekunde ya arobaini, na sauti kali kuliko zote iwe ndani ya kiitikio, isifichwe kwenye beti ya pili. Nyimbo zinapelekwa kwa ma-DJ wa miksi watatu au wanne wa mji huo, si arobaini wa nchi nzima. Kisha anasubiri wiki sita akiangalia Shazam (programu ya simu ya kutambua wimbo) za mji huo asubuhi za Jumamosi na Jumapili, baada ya miksi za usiku. Zikipanda, anaombwa mkurugenzi wa vipindi wa stesheni ya Rhythmic ya mji huo mmoja, halafu mji wa jirani. Zisipopanda, fedha ya mji wa pili ibaki benki na rapa arudi studioni.